Dakika Nane za Kunakili

Droo ilikuwa wazi, na diski haikuwemo.

Inspekta Evodia Msangawale aliinama akachungulia ndani ya kompyuta kuu. Tundu tupu. Mlango wa chumba haukuvunjwa. Dirisha lilikuwa na nondo, na nondo zote zilikuwa nzima. Aliyeingia humu aliingia kwa ufunguo, akaivuta diski kwa mpini wake kama mtu anavyovuta droo ya meza, akafunga mlango, akaenda zake. Mwizi mstaarabu! Hao ndio wanaowasumbua polisi, maana jambazi wa shoka angalau huacha shoka.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa sita mwaka 2004, na baridi ya Sumbawanga ilikuwa ile inayomfanya mtu azungumze mikono ikiwa kwapani. Kituo cha Kumbukumbu za Ardhi kilikuwa nyumba ya kawaida ya mtaa wa Mazwi: chumba cha darasa chenye kompyuta sita, ofisi ya mkuu upande wa nyuma, na katikati yao chumba hiki kidogo cha kompyuta kuu.

"Diski ilikuwa na nini?" Inspekta aliuliza.

"Kijiji kizima, mwanangu," alijibu mzee Gaudensi Kipeta, mkuu wa kituo. Alikuwa mzee wa miaka sitini kasoro, suti ya kaki, sweta ndani, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa karani wa serikali kwa miaka thelathini kabla ya kuombwa akiongoze kituo hiki. "Kapolondo yote. Kaya mia sita na kumi na mbili. Nani analima wapi, nani anachunga wapi, mpaka uko wapi. Ramani na picha zake. Miaka miwili ya kupima!"

"Fomu za karatasi?"

"Zililiwa na mchwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji."

"Nakala nyingine?"

Mzee Gaudensi alitikisa kichwa. CD za akiba ziliagizwa Mbeya tangu Pasaka, na mpaka siku hiyo Mbeya ilikuwa bado inazitafuta.

Inspekta alishusha pumzi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mji mzima ulijua habari ya Kapolondo. Kampuni moja ilitaka kufungua shamba kubwa huko, na kamati ya wilaya ingekaa Alhamisi saa nne asubuhi kukata shauri. Aliyemo kwenye daftari lile la kompyuta angebaki na ardhi yake. Asiyekuwemo angejijua. Wafipa wenye mashamba ya mahindi na ulezi wangeweza kuonyesha makaburi ya babu zao. Lakini familia za Wasukuma, zilizofika na ng'ombe miaka kumi na mitano iliyopita na kupewa ardhi kwa mdomo na wazee wa kijiji, zilikuwa na ushahidi mmoja tu duniani. Na ushahidi huo ulikuwa ndani ya kitu chenye ukubwa wa kitabu cha sala.

"Funguo za chumba hiki ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja anao fundi wetu, Hellena. Wa pili uko kwenye droo ya meza yangu."

"Jana ulitoka?"

"Ufunguo au mimi?"

"Vyote viwili, mzee."

"Ufunguo haukutoka. Mimi niliingia saa kumi na mbili jioni. Nikalinakili daftari kutoka kompyuta kuu kwenda kwenye mashine yangu, nilipitie kabla ya Alhamisi. Dakika nane, kazi imekwisha. Nikalitazama, nikalifuta, maana utaratibu unakataza nakala kuzagaa. Saa kumi na mbili na robo nikaondoka. Kitabu cha mlinzi kipo."

Kitabu kilikuwepo kweli. Mlinzi, Zenon, mwanamume mrefu aliyejifunga kanga ya mkewe shingoni kwa ajili ya baridi, alikifungua kwa vidole viwili. Mstari wa kwanza: G. Kipeta, kuingia 12:00, kutoka 12:15. Mstari wa pili: Hellena Kapele, kuingia 12:40, kutoka 12:50.

"Mzee Gaudensi ulimwona akitoka?" Inspekta alimuuliza Zenon kando.

"Nilikuwa nyuma, afande, nasonga ugali."

"Kwa hiyo hukumwona."

"Lakini kaandika mwenyewe!" Zenon alishangaa. "Mzee kama yule, nimkague saa?"

Sajini Isdori, mtu mnene mwenye pumzi fupi, alitoka darasani akitweta kana kwamba amepanda mlima. "Afande, kompyuta namba nne iliachwa inawaka. Imeandika ilipopoteza mawasiliano na kompyuta kuu. Saa moja kasoro dakika nane."

Wote walikitazama kile kitabu tena. Hellena alikuwa ametoka dakika mbili tu kabla ya hapo, kwa maandishi yake mwenyewe.

---

Hellena Kapele alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa amesomea ufundi wa kompyuta Mbeya, na ulikuwa mwezi wake wa tatu kazini. Alikaa mbele ya meza ya Inspekta amenyooka, mikono magotini, kama mtu aliye kanisani.

"Jana jioni ulifuata nini ofisini?"

"Sweta langu, afande. Nilikuwa nimelisahau darasani."

"Uliingia chumba cha kompyuta kuu?"

"Hapana. Ila nilisikia feni yake inavuma. Ilikuwa nzima."

"Uliona mtu?"

"Hapana. Niliingia kwa mbele, nikatoka kwa mbele."

"Ufunguo wako?"

"Ninao. Haujanitoka hata dakika moja."

Loo, majibu mengine ni kitanzi! Sajini Isdori alikohoa kidogo, akaandika.

"Una simu ya mkononi mpya," Inspekta alisema. "Watu wa Mazwi wanaisema."

"Alinitumia kaka yangu aliyeko Tunduma. Afande, mtu akiwa na simu ndiyo ameuza kijiji?"

"Watu wanasema kampuni imekununulia."

"Watu!" Machozi yalimtoka bila ruhusa yake. "Afande, hilo daftari nimeliingiza mimi. Majina mia mbili ya mwisho niliyaandika kwa vidole hivi, nikiwa na malaria. Niliibe ili iwe nini?"

Jambo lile lilikuwa na uzito, lakini uzito wa machozi hauandikwi kwenye jalada. Alama za vidole kwenye droo zilikuwa zimechafuka. Zilipelekwa Mbeya, na majibu yangechukua wiki mbili. Ufunguo alikuwa nao. Muda ulimkamata. Mchana ule Hellena aliwekwa mahabusu, na kabla ya saa kumi habari ilikuwa imefika sokoni, mtaa wa Chanji na stendi ya mabasi: binti wa kompyuta kauza ardhi ya watu.

Jioni, Inspekta alipotoka ofisini, alimkuta mwanamume mmoja kwenye benchi la nje. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye fimbo na koti la mvua.

"Shikamoo, baba. Unamsubiri nani?"

"Marahaba, mama. Nasubiri daftari." Aliitwa Shigela, wa Kapolondo. Alikuwa ametoka kijijini alfajiri kwa baiskeli, kuja kusubiri kikao cha Alhamisi. "Nina wake wawili, watoto saba, na ng'ombe thelathini na mmoja. Nimeambiwa yule binti ndiye aliyeiba. Sikubali."

"Kwa nini hukubali?"

"Alipokuja kutuandika, alimwandika mama yangu. Mama alikufa mwaka jana. Binti aliuliza amezikwa wapi, akaenda mpaka kaburini na kile chombo chake cha kupimia, akasema kaburi nalo ni ushahidi, liingie. Mtu wa namna hiyo haibi."

Inspekta alimwambia aende akale, naye Shigela akasema amekula juzi, inatosha. Ilibidi Sajini Isdori atumwe kununua mihogo.

---

Jumatano asubuhi, Inspekta Evodia aliagiza Hellena aletwe tena. Usiku kucha kuna kitu kilikuwa kimemwasha, na hakukijua ni nini mpaka alipokuwa anachemsha chai. Alikuwa ameandika maneno ya mzee Gaudensi bila kuyapima. Askari gani huyo? Alijisonya mwenyewe jikoni.

"Hellena. Kunakili daftari zima huchukua muda gani?"

"Dakika nane hivi. Huwa nawaambia hivyo kwenye mafunzo."

"Mashine zote?"

"Za darasani, ndiyo."

"Na ya mzee Gaudensi?"

Binti alitazama sakafu.

"Nimekuuliza."

"Afande, sipendi kumsema mzee."

"Utaozea humu kwa ajili ya heshima? Sema!"

Hellena alikunja pindo la kanga aliyoletewa na mama yake. "Kompyuta zilipokuja kutoka Dar, zilikuwa mitumba, saba. Sita zilikuwa ndogo, na moja kubwa, ndefu kama kabati. Wafanyakazi walisema mkubwa apewe kikubwa. Wakampelekea mzee ile kubwa, wakapiga makofi, mke wake akaifumia kitambaa. Mimi nilipoajiriwa nikaikagua. Hiyo kubwa ndiyo kongwe kuliko zote. Kadi yake ya mtandao ni ya zamani."

"Maana yake?"

"Inapitisha kidogo kidogo. Hizi za darasani zina kasi ya mia moja. Ile ya mzee ni kumi. Unga ni ule ule, afande, ila mmoja anasaga kwa mashine na mwingine anatwanga kwenye kinu."

Sajini Isdori aliacha kuandika.

"Mzee mwenyewe anajua?"

"Nani amwambie? Siku moja nilijaribu. Nikasema, mzee, hizi ndogo ni nyepesi. Akacheka, akasema tangu lini mtu mzima akasifiwa wepesi. Nikaona nitaonekana sina adabu. Yeye huandika barua tu, na barua ni ndogo, haichelewi. Hajawahi kunakili kitu kikubwa."

"Yeye anasema Jumatatu alinakili daftari zima kwa dakika nane, akaliona limekamilika."

Hellena aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu jana, macho yake yalikuwa ya fundi.

"Haiwezekani," alisema.

"Nitajuaje kama haiwezekani? Wewe ni mtuhumiwa. Ungependa isiwezekane."

"Basi usiniulize mimi, afande. Iulize kadi yenyewe. Inajibu."

---

Walikwenda Mazwi kwa Landrova ya polisi, Hellena na pingu mkononi, na watoto wa mtaani walikimbia pembeni wakimwimbia mwizi. Inspekta alimkuta mzee Gaudensi ofisini kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmepata lolote?"

"Naomba mashine yako kwa dakika chache."

Mzee alipoona pingu za Hellena, alitazama pembeni upesi. Inspekta aliliona hilo, akaliweka akiba.

Kompyuta ya mkuu ilikuwa kubwa kweli, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua ya waridi. Hellena alifunguliwa pingu. Alikikunja kitambaa taratibu, akaiwasha mashine, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi, maandishi matupu.

"Hapa hatubofyi kitu," alisema. "Tunaiandikia amri, nayo inajibu. Sajini, simama hapa usome kwa sauti, usije ukasema nimesoma vyangu."

Aliandika herufi moja moja: ethtool eth0. Akabonyeza. Mistari ikashuka.

Sajini Isdori alisogeza pua karibu na kioo. "Kuna mstari unasema Speed, halafu kumi. Kumi, Mb, mkwaju, s."

"Speed ni kasi," alisema Hellena. "Hiyo ndiyo kasi ambayo kadi hii na waya wake vimekubaliana sasa hivi. Twende darasani."

Darasani, kwenye kompyuta namba nne, aliandika amri ile ile.

"Mia moja!" Isdori alipaza sauti kama aliyeshinda bahati nasibu.

Inspekta hakucheka. "Kadi imesema. Sasa nataka kuona kwa saa yangu." Alivua saa mkononi. Hellena alichagua fungu la picha za mafunzo lililokuwa sehemu moja ya thelathini na sita ya ukubwa wa daftari, akalinakili kutoka namba tano kwenda namba nne. Sekunde kumi na tatu. Wakarudi ofisini kwa mzee, fungu lile lile likanakiliwa kuja kwenye ile kubwa. Mstari wa bluu ulianza kutambaa. Ukatambaa. Isdori akapiga mwayo. Mzee Gaudensi, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakupiga mwayo. Aliutazama mstari ule na jasho likamtoka kipajini, katika baridi ile.

"Dakika moja na sekunde arobaini na tano," Inspekta alisema. "Sajini, zidisha mara thelathini na sita."

Isdori alizidisha kwenye kiganja kwa kalamu, akakosea, akarudia. "Saa nzima na dakika tatu, afande."

"Hellena, kaa nje na Zenon. Sajini, funga mlango."

Mlango ukafungwa. Inspekta alivuta kiti, akamkaribisha mzee akae kwenye kiti chake mwenyewe.

"Mzee Gaudensi, ulianza kunakili saa ngapi?"

"Nilisema. Saa kumi na mbili."

"Uliona ikikamilika?"

"Niliona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Saa kumi na mbili na robo ukaondoka."

"Imeandikwa!"

"Imeandikwa na nani?"

Mzee alikikunjua kitambaa cha mkewe, akakikunja tena.

"Mzee, mashine hii ingemaliza kazi ile saa moja na dakika tatu. Kompyuta kuu ilizimwa saa moja kasoro dakika nane. Hukuona ikikamilika, kwa sababu haikukamilika. Na kama ulikaa hapa ukiisubiri, ulikuwepo kompyuta kuu ilipozimwa. Kabla hujajibu, nakuonya kisheria: hulazimiki kusema lolote, na utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani."

Mzee Gaudensi alivua miwani. Alifuta kioo kimoja, akasahau cha pili.

"Yule binti amelala mahabusu," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Kwenye sakafu?"

"Kwenye sakafu, mzee."

"Mungu anisamehe. Andika, Sajini. Diski niliichukua mimi."

Isdori aliandika.

"Kampuni ilikupa nini?" Inspekta aliuliza.

"Kampuni?" Mzee alishtuka kwa dhati, akakasirika hata. "Mwanangu, mimi niwauze watu wa Kapolondo? Mke wangu ametoka kule! Hakuna aliyenipa kitu. Ni aibu tu. Aibu ndiyo iliyonituma."

"Nieleze."

"Alhamisi ni mimi ninayetakiwa kulifungua daftari mbele ya kamati. Mimi, si binti. Nimepiga taipu miaka thelathini, nimewafundisha makarani wa mkoa huu wote, leo nimwite mtoto wa juzi aje anishike mkono mbele ya wakubwa? Nikasema nitajifunza mwenyewe, watu wakishaondoka. Jumatatu nikajaribu. Yeye hutuambia dakika nane. Zikapita nane. Zikapita ishirini. Ule mstari umesimama! Nusu saa. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Nikajua nimeharibu. Alituambia kwenye mafunzo, ukikatisha vibaya unaweza kuharibu. Ikafika karibu saa moja, nikaizima kwa kidole. Nikaenda kwa ile kuu na ufunguo wangu, nikaizima nayo, nikaiwasha. Ikaleta maandishi ya kizungu, meupe kwenye weusi, yanashuka kama mvua. Nikasema basi, Gaudensi, umekifuta kijiji."

Alivaa miwani, akaivua tena.

"Nikawaza, wakiikuta diski imefutwa, wataona ni mkono wangu. Ikiibiwa, ni mwizi. Nikaivuta. Kitabu cha Zenon nikakiandika nilivyotaka, maana hakuna anayenikagua. Sikujua kwamba binti alikuja kuchukua sweta. Haki ya Mungu, sikujua. Jana mlipomchukua nikasema nitasema jioni. Jioni nikasema nitasema kesho."

"Diski iko wapi?"

"Nyumbani, Chanji. Nilishindwa kuitupa. Nilisimama nayo darajani, nikakumbuka majina. Nikaifunga kwenye nailoni, nikaizika ndani ya gunia la ulezi."

Inspekta alikwishasimama. "Twendeni!"

---

Nyumbani Chanji, mama Cornelia, mke wa mzee, alikuwa anafagia uwanja. Aliwasalimu askari kwa furaha kabla hajaona sura ya mumewe.

"Mama, gunia la ulezi liko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Lipi? Lile la pembeni? Nimelipeleka mashineni. Jumamosi tuna kipaimara cha mjukuu, pombe itapikwa lini kama sijasaga leo?"

"Limeondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi, kwa baiskeli ya jirani. Kwani kuna nini? Gaudensi, kuna nini?"

Mzee Gaudensi alikaa chini pale pale, juu ya majani aliyoyafagia mkewe.

Landrova iliruka mashimo ya Chanji kama imepandwa na wazimu. Hellena aliye nyuma alishika nguzo kwa mikono miwili. Isdori alitaja watakatifu wanne na kumsahau wa tano. Walipofika mashineni, ngurumo ilikuwa inatikisa bati, vumbi la unga limejaa hewani, na msagaji, mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, alikuwa ameliinua gunia begani, mdomo wa gunia umeelekea kwenye pipa la kumiminia.

"Simama!" Inspekta alipiga kelele.

Hakusikia. Ulezi ulianza kumwagika.

Hellena ndiye aliyefika wa kwanza. Aliruka gunia la mahindi la mtu, akalikumbatia lile la ulezi kwa mikono yote miwili, yeye na gunia wakaanguka chini. Akina mama waliopanga foleni walipiga yowe. Msagaji akazima mashine, akaanza kutukana, akaona kofia ya polisi, akayabadilisha matusi kuwa shikamoo.

Hellena alikuwa magotini, anachimba ulezi kwa vidole. Akatoa nailoni ya bluu. Akaifungua. Diski ilikuwa nzima, na mpini wake.

"Ndiyo," alisema.

---

Saa kumi jioni ile, chumba kidogo cha Mazwi kilijaa watu kuliko kilivyojengwa. Inspekta aliruhusu mzee Gaudensi awepo, chini ya ulinzi. Shigela alisimama mlangoni na fimbo yake. Isdori alimwambia aisalimishe, akasema haiwezekani, basi ikabaki.

Hellena aliipangusa diski, akairudisha kwenye droo yake, akaisukuma mpaka ikagota. Akawasha. Maandishi meupe yakaanza kushuka kwenye weusi.

"Hayo!" mzee Gaudensi alisema kwa hofu. "Ndiyo hayo niliyoyaona."

"Hayo ni ukaguzi tu, baba. Ikizimwa ghafla, inaanza kwa kujikagua. Inachukua dakika chache, kisha inaamka."

Ikaamka. Hellena aliandika amri moja, akasoma jibu, akaiandika tena kwa uhakika.

"Mafaili mia sita na kumi na mbili," alisema. "Hakuna hata moja lililoguswa."

"Lakini niliharibu," mzee alisema. "Ule mstari ulisimama."

"Haukusimama, baba. Ulikuwa unatembea polepole. Kunakili hakuli kitu huku, kunachukua sura yake tu. Ungesubiri robo saa nyingine, lingefika lote."

Mzee Gaudensi alimgeukia. "Mashine yangu ni mbovu?"

"Si mbovu. Ni ya zamani."

"Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje, baba?" Sauti ya Hellena ilipanda, hasira ya siku mbili ikatoka. "Nilijaribu ukacheka. Na wewe ungeniuliza tu! Neno moja! Nimelala kwenye sakafu, mama yangu amezomewa sokoni, kwa sababu mimi nilikuonea haya na wewe ukanionea haya!"

Mzee aliinuka, akiwa na pingu zake, akapiga magoti mbele ya binti ambaye angeweza kuwa mwanawe. Hellena akaruka kumwinua, analia, anasema hapana, baba, hapana, usifanye hivyo.

"Sheria itachukua mkondo wake," Inspekta alisema. "Wizi upo, na maelezo ya uongo yapo. Lakini nitaandika pia kwamba alikiri na mali imepatikana. Hellena Kapele, uko huru. Naomba radhi kwa niaba ya kituo, na kwa niaba yangu."

"Kesho nani atalifungua daftari?" aliuliza Shigela kutoka mlangoni. Lilikuwa swali la mtu aliyesafiri kwa baiskeli umbali mrefu.

Mzee Gaudensi alimjibu, bila kumtazama mtu. "Yeye. Ilipaswa kuwa yeye tangu mwanzo."

---

Alhamisi, saa nne kamili, ukumbi wa wilaya ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mabwana wa kampuni walikaa mbele na mikoba yao. Hellena alikuwa amevaa lile sweta. Kompyuta ndogo ya darasani ilikuwa mezani, na kabla hajaanza aliiandikia amri fupi, akasoma jibu lake, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Alisoma kwa mpangilio wa herufi. Alisoma Wafipa na Wasukuma bila kuwatenga, kama walivyoishi. Kila jina, mahali pake. Kila mpaka, alama zake. Katibu wa kamati aliandika, na aliposhindwa kwenda naye alimwomba apunguze mwendo. Kufika saa saba hakuna aliyekuwa ameondoka.

"Shigela Masunga," Hellena akasoma. "Kitongoji cha Mlimani. Kaya ya watu kumi. Ekari kumi na nne, malisho ya pamoja upande wa mto. Kaburi moja, la mama wa mwenye kaya, limepimwa."

Mwenyekiti aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Mhusika yupo?"

Shigela alisimama. Alivua koti lake la mvua kwanza, akalikunja, akamkabidhi jirani yake. Kisha akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliosimama nje.

"Nipo."